Kisukari cha kijana: Sindano ni yake, mzigo ni wa nyumba nzima

KIJANA wa miaka 14 akianza kuamka usiku mara tatu kwenda haja ndogo, akinywa maji bila kukata kiu na kukonda ilhali anakula vizuri, usikimbilie kusema ni malaria, minyoo au jicho la watu. Mpeleke akapimwe sukari siku hiyo hiyo. Huenda ni kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachotegemea insulini, na kuchelewa siku chache tu kwaweza kumtia kaburini.

Wengi wetu tunakijua kisukari kama ugonjwa wa watu wazima. Huu ni tofauti. Hapa kinga ya mwili wenyewe hushambulia kongosho, nalo likaacha kutengeneza insulini, homoni inayoifungulia sukari mlango wa kuingia katika chembechembe za mwili. Sukari hurundikana katika damu huku mwili ukifa njaa. Ugonjwa huu hauletwi na chai yenye sukari nyingi, hauambukizi, wala hakuna mitishamba inayouponya. Dawa ni sindano za insulini, kila siku, maisha yote.

Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini alikuwa kijana vilevile: Leonard Thompson, wa miaka 14, aliyedungwa Januari 1922 mjini Toronto, Kanada, akiwa mahututi. Aliishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo, mtoto mwenye ugonjwa huu hakuwa na tumaini.

Kujifunza hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 15 anayeishi Rukanga, kijiji kilicho chini ya Mlima Kasigau katika Kaunti ya Taita Taveta. Huenda wewe msomaji wa Nairobi au Mombasa una mpwa au binamu wa namna hiyo, na ni wewe unayemtumia pesa za dawa.

Jambo la kwanza analopaswa kujua ni kipimo chake. Avute dawa kwa bomba la insulini lenye alama za yuniti zinazolingana na kichupa, si bomba lolote lile. Insulini yenye rangi ya maziwa aiviringishe polepole viganjani bila kuitikisa. Ajidunge tumboni au pajani, akibadilisha mahali kila mara ili ngozi isifanye uvimbe.

La pili ni chakula. Hahitaji kupikiwa chungu chake. Ugali, mbaazi, pojo, mboga na kimanga anaweza kula pamoja na wenzake, mradi kiasi kisibadilike ovyo na saa za kula zijulikane. Insulini ya kawaida hudungwa kama nusu saa kabla ya kula. Basi asijidunge kabla ya kuhakikisha kwamba chakula kipo.

Sukari ikishuka

Insulini ikizidi chakula, au akitembea mwendo mrefu kwenda shuleni, sukari yaweza kushuka chini ya 4 kwenye mashine ya kupimia. Atatetemeka, atatoka jasho, atasikia njaa kali, pengine aongee kama mlevi. Mpe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Mpime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Kisha ale chakula. Akizimia, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitalini.

Kwa hiyo asiondoke nyumbani bila sukari mfukoni, na mwalimu pamoja na rafiki anayeketi naye wajue dalili hizi. Kuficha ugonjwa kwa sababu ya aibu ndiko kunakoua.

Joto na dawa

Mtu wa mjini husema insulini haiwekeki pasipo friji. Ni kweli kwamba vichupa ambavyo havijafunguliwa hukaa vizuri zaidi kati ya nyuzi 2 na 8, na kamwe visigande. Lakini utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotolewa mwaka 2021 kwa kutumia vipimo vya joto vya kambi ya Dagahaley, Dadaab, ulionyesha kwamba insulini ilihifadhi nguvu zake kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37.

Kwa nyumba isiyo na stima, chungu kidogo ndani ya kikubwa, na mchanga uliolowa kati yao, hupunguza joto. Funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo, na kichupa kikae katika mfuko usioingiza maji. Usiiache insulini juani wala ndani ya matatu iliyoegeshwa. Ikifanya mabonge, itupe.

Mzazi asiachilie

Ujana wenyewe huongeza taabu. Homoni za kubalehe hupandisha sukari, na kipimo cha mwaka jana huenda kisitoshe mwaka huu. Tena kijana huchoka. Hutamani siku moja tu ya kuwa kama wenzake. Ukiona daftari la vipimo lina namba nzuri mno, usigombe. Keti naye anapojidunga. Mwulize ni kipi kigumu, kisha msaidie hicho.

Hata akiugua homa au akikosa hamu ya kula, asiache insulini kabisa. Daktari ndiye atakayepunguza au kuongeza. Akianza kutapika, kuumwa na tumbo na kuvuta pumzi nzito zenye harufu kama ya matunda, hiyo ni hatari ya kufa. Usingoje asubuhi. Kutoka Rukanga hadi Maungu, kisha Voi, ni safari ndefu, hivyo nambari ya mwenye gari iandikwe ukutani mapema.

Nawe unayetuma pesa kutoka mjini, usingoje kupigiwa simu kwamba dawa imekwisha. Uliza kila mwezi: vichupa vimebaki vingapi?