M-Pesa Ikizimwa Usiku Huwa Wanafanya Nini? Rada Yote ya Kuhamisha Sistimu Kubwa

Septemba 22, 2025, saa sita usiku, M-Pesa ilizimwa makusudi. Si waya ilikatwa, si wadukuzi waliingia. Safaricom walikuwa wametangaza mapema kwamba mpaka saa kumi na moja alfajiri hakuna kutuma doh, hakuna kutoa, hakuna kulipa kwa till. Wasee wengi walikuwa wamelala, wakaamka wakapata mambo yako sawa, stori ikaisha.

Lakini si kila mtu hulala hizo masaa. Enda Sori ama Muhuru Bay alfajiri uone. Wavuvi wa omena hutoka na taa giza likiingia, wanarudi kukipambazuka, na mama wa kununua tayari ako ufuoni na beseni lake. Isebania nako malori yanasubiri kuvuka. Hospitalini Migori, mtoto hachagui saa ya kuzaliwa. Kwa hawa wote, saa kumi usiku ni saa ya kazi, na doh yao iko kwa simu.

So swali ni rahisi: kwa nini lazima izimwe? Na wanapangaje ndio chapaa yako isipotelee njiani? Keti chini tukufungulie.

Kwanza, hiyo mashine iko wapi?

Watu wengi hudhani M-Pesa inaishi kwa laini ya simu. Zii. Simu yako ni dirisha tu. Daftari lenyewe, lile linasema uko na soo mbili na ajenti wa stage ako na thao arobaini ya floti, liko kwa mashine kubwa mahali pamefungwa, pana baridi na stima haipotei.

M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka kadhaa mashine zake hazikuwa Kenya. Zilikuwa Ujerumani, chini ya Vodafone. Yaani ulikuwa ukitumia buda wako soo mbili ukiwa Migori mjini na yeye ako Awendo, mwendo mfupi tu wa matatu, ile hesabu inaenda Ulaya kwanza halafu inarudi. Waya ikisumbua huko katikati, huku kwetu kila mtu anaangalia simu na kulaani.

Aprili 2015, wikendi moja, Safaricom wakahamisha kila kitu: mashine zikaja Kenya, na programu ikabadilishwa kuwa ile mpya inaitwa G2, iliyotengenezwa na Huawei. Ni kama kuhama keja usiku mmoja huku watu bado wako kwa meza wanakula, na asubuhi kila sahani iko mahali pake.

Ile ya 2025 ilikuwa awamu nyingine, wakaiita Fintech 2.0. Walisema uwezo umetoka miamala 4,500 kwa sekunde moja hadi 6,000, na inaweza kuongezwa mpaka 12,000. Sekunde moja, msee. Hata hujamaliza kusema "omera".

Meinfremu: wazee wa kazi hii

Hizi mbinu za kuhama hazikuanza na simu. Zilianza na mashine zinaitwa meinfremu. IBM walitoa ile familia yao maarufu, System/360, mwaka wa 1964. Ni mashine ya kufanya hesabu nyingi sana kwa wakati mmoja bila kuchoka, na mpaka leo mabenki makubwa duniani, kampuni za ndege na za kadi bado huzitumia.

Sasa mashine bila njia ya kuongea na wengine ni sanduku tu. Mwaka wa 1974 IBM wakatoa mpango wa mawasiliano unaitwa SNA. Huko kila kitu kilikuwa na jina kwa orodha: skrini ya karani, printa, tawi la benki. Programu ya kusimamia hiyo orodha iliitwa VTAM. Haukuwa kwa orodha, hukuongea. Ni kama gate ya boarding: hakuna jina, hakuna kuingia.

Halafu intaneti ikakuja na lugha yake, IP, ambayo haijali sana majina ya orodha. Inataka anwani tu, na ujumbe unajitafutia njia. Dunia yote ikahamia huko. Mabenki yakabaki na kibarua: programu za zamani zinajua SNA peke yake, na waya mpya zinabeba IP. Utafanya nini? Huwezi andika upya programu za miaka thelathini kwa wiki moja.

Walichofanya ni ile ya nduthi na feri. Pikipiki haijui kuogelea, lakini pale Mbita inapanda feri na kushukia Luanda Kotieno bila kulowa. IBM wakatengeneza kitu kinaitwa Enterprise Extender: ujumbe wa SNA unawekwa ndani ya pakiti ya IP, unavuka, unashuka upande ule kama ulivyokuwa. Ya kale inafanya kazi juu ya mpya mpaka siku utakapopata nafasi ya kubadilisha yote.

Hapo kuna somo la kwanza: kuhama si lazima kumaanishe kubomoa kila kitu siku moja.

Plani yenyewe, hatua kwa hatua

Iwe ni benki na meinfremu, iwe ni M-Pesa, iwe ni sacco ya mtaa inatoka kwa daftari kwenda kwa kompyuta, mpangilio unafanana.

1. Hesabu kila kitu kinachoning'inia hapo. Hii ndiyo kazi ndefu kuliko zote, na ndiyo wasee hukimbia. M-Pesa haiko peke yake. Kuna mabenki, kuna tokeni za stima, kuna karo, mishahara, mikopo, betting, till za duka. Kila moja imeunganishwa kwa njia yake. Ukisahau moja, utajua asubuhi yake mtu akianza kulia. Na kwa sistimu za kitambo, kuna programu ndogo iliandikwa na mtu alistaafu, hakuna mwingine anaielewa, na ndiyo inabeba kitu muhimu. Itafute kabla haijakutafuta.

2. Chagua saa. Usiku wa manane huchaguliwa kwa sababu miamala iko chini. Iko chini, si kwamba haiko. Saa nzuri ni ile inaumiza watu wachache, na huwezi jua ni akina nani bila kuangalia. Mwisho wa mwezi haifai, mishahara inaingia. Siku ya kufungua shule haifai. Na mtu akiwa ofisini Nairobi anaweza sahau kabisa kwamba kuna soko la omena linafunguka kabla ya jogoo.

3. Washa mpya ukiwa bado na ya zamani. Mashine mpya inapewa kazi ya majaribio huku ile ya kale ikiendelea na kazi ya ukweli. Unalinganisha majibu. Ikiwa ya kale inasema soo mbili na mpya inasema soo mbili na bob moja, hamna kuhama mpaka hiyo bob ijulikane imetoka wapi.

4. Ipige mzigo. Kujaribu na watu kumi ofisini hakuonyeshi kitu. Lazima uitupie umati wa Krismasi, ule wa watu wakiwa ocha, kila mtu anatuma na kutoa.

5. Fanya mazoezi na saa mkononi. Kama una masaa matano, nani anafanya nini dakika ya kumi? Nani anafanya nini saa ya tatu? Unarudia mpaka mbogi yote imeiva.

6. Weka alama ya kurudi nyuma. Hii ndiyo inatofautisha plani na ndoto. Mnakubaliana mapema: ikifika saa tisa na kitu fulani hakijakubali, tunarudi kwa ya zamani, hakuna mjadala. Usipokubaliana mapema, saa tisa ikifika kila mtu atasema "ongeza dakika kumi", na dakika kumi zitakuwa asubuhi.

7. Ambia watu. Mapema, kwa lugha wanayoelewa, na useme ukweli wa masaa.

Walioruka hatua walilipa

Cheki Uingereza. Aprili 2018, benki inaitwa TSB ilihamisha wateja wake zaidi ya milioni 5 kutoka sistimu ya Lloyds kwenda ya mwenyewe wake mpya, Sabadell wa Uhispania. Wikendi moja tu. Data ilihama vizuri, kila senti. Lakini milango ilipofunguliwa, sistimu mpya ikashindwa kubeba watu. Karibu watu milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Bosi wa benki, Paul Pester, akaondoka Septemba mwaka huo. Mambo hayakutulia kabisa mpaka Desemba, na mwaka wa 2022 wakapigwa faini ya pauni milioni 48.65.

Umeona? Doh haikupotea. Ilikuwepo, ila huwezi ifikia. Na kwa mtu wa rent, doh usiyoweza kufikia na doh usiyo nayo ni kitu kimoja. Hapo ndipo hatua ya nne iliwauma.

Huku kwetu, NHIF ilifungwa na SHA ikaanza Oktoba 1, 2024. Watu waliambiwa wajisajili upya, *147# na kadhalika. Yaani badala ya sistimu kuhamisha watu, watu ndio walijihamisha. Mtu alikuwa amelipa miaka na miaka, anafika hospitali akiwa mgonjwa, anaambiwa haonekani. Malalamiko ya mtambo kukwama yakasikika hospitali nyingi nchini. Kwa M-Pesa ikikwama unangoja. Mgonjwa hawezi ngoja hivyo.

Na iliyoenda kimyakimya: tokeni

Unakumbuka 2024 ukinunua tokeni unapewa namba tatu badala ya moja? Wengi walidhani ni ukora wa Kenya Power. Haikuwa.

Mita nyingi za tokeni duniani zilikuwa zinatumia saa iliyoanza kuhesabu dakika mwaka wa 1993. Nafasi ya kuhifadhi hizo dakika ilikuwa ndogo, na ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Baada ya hapo mita isiyobadilishwa ingekataa tokeni mpya. Kwa hivyo ukanunua stima, ukapewa namba ya kwanza na ya pili za kubadilisha ufunguo wa mita, halafu ya tatu ndiyo units zako.

Angalia ujanja hapo. Hawakuzima nchi usiku mmoja. Kila nyumba ilijihamisha siku yake, bibi wa Nyatike kwa wakati wake na msee wa bedsitter Oruba kwa wake. Nyumba moja ikikwama, jirani bado ako na stima. Kuhama kidogokidogo hukawia, lakini makosa yake ni madogo. Kuhama usiku mmoja ni haraka, lakini kosa moja linashika kila mtu. Daftari la doh haliwezi gawanywa hivyo kirahisi, kwa sababu mtumaji na mpokeaji lazima wawe kwa kitabu kimoja. Ndiyo maana M-Pesa huzimwa na mita hazikuzimwa.

Sasa wewe ufanye nini?

Ukisikia tangazo la kuzimwa, usichukulie poa:

- Toa cash kidogo mapema, ya fare na ya dharura. Ka kuna mama mjamzito kwa nyumba, hiyo si hiari.
- Nunua tokeni kabla ya usiku.
- Ka uko na biashara ya alfajiri, iwe omena, mboga ama mafuta ya nduthi, ongea na mteja jana yake. Mkubaliane ni cash ama ni deni la masaa machache.
- Ajenti, andika floti na cash yako kwa karatasi kabla ya kuzimwa, ulinganishe ikirudi.
- Ikihang katikati ya kutuma, usitume tena. Subiri meseji, angalia balance kwanza. Wengi hutuma mara mbili halafu wanaanza kubembeleza mtu arudishe.
- Mtu akikupigia asubuhi yake akidai "tunarekebisha akaunti yako, tupe PIN", kata simu. Wakora nao husoma matangazo.

Na kwa wale wanasomea kompyuta, ama wanajifunza wenyewe kwa simu usiku: watu wengi wanataka kutengeneza apu mpya, wachache wanajua kuhamisha ya zamani bila kuivunja. Sacco, chama cha wavuvi, zahanati, shule, zote ziko na madaftari zitahamia kwa kompyuta, na zikihama mara moja zitahama tena. Atakayeitwa ni yule anaanza kwa kuuliza nani anatumia hii kitu, saa ngapi, na ikikataa tunarudije. Hayo maswali hayahitaji degree. Yanahitaji mtu anajua kwamba saa kumi usiku, ufuoni Sori, kuna mama anangoja kulipa omena.