Chakula cha Dagaa

Mtazame dagaa mmoja katika fungu linalouzwa sokoni Himo. Ikiwa ni dagaa wa Kigoma, alivuliwa katika Ziwa Tanganyika, akaanikwa juani, kisha akasafirishwa hadi huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Je, yeye mwenyewe alikula nini?

Dagaa hula wanyama wadogo sana waeleao majini, waitwao zuplanktoni. Wengi wao hawafiki urefu wa milimeta 2. Wao nao hula mimea midogo zaidi, ambayo hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Mchana zuplanktoni wengi hushuka gizani ili wasionekane na adui. Usiku hupanda juu, na dagaa huwafuata. Ndiyo sababu wavuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mbalamwezi, wakiwa na taa.

Mimea hiyo huhitaji rutuba, kama migomba ya kihambani kwenu. Lakini nuru iko juu, na rutuba nyingi imelala chini, kwa kuwa viumbe vinapokufa huzama. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470 hivi! Ni nani basi aipandishaye rutuba hiyo? Ni upepo. Kati ya Mei na Septemba, kusi huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Kule kusini mwa ziwa, maji baridi yenye rutuba hupanda kushika nafasi iliyoachwa. Mimea husitawi, zuplanktoni huongezeka, na dagaa hushiba.

Katika bahari za ncha ya kusini ya dunia, barafu hufunika maji wakati wa baridi. Barafu ya Kibo ni kidogo mno ukiilinganisha na hiyo. Mimea midogo huota upande wake wa chini, na wachanga wa krili, mnyama afananaye na uduvi, huila. Nyangumi waonekanao pwani yetu kati ya Julai na Novemba hunenepa huko kwa kula krili.

Turudi ziwani. Katika karne ya 20 maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yalizidi kupata joto. Maji yenye joto ni mepesi. Hukaa juu ya maji baridi kama kifuniko, na upepo hushindwa kuyachanganya. Mwaka 2003 wataalamu walieleza kwamba mimea midogo ya ziwa hilo ilikuwa imepungua. Mimea ikipungua, zuplanktoni hukosa chakula, na dagaa vilevile. Tena wavuvi ni wengi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane.

Jaribu mwenyewe. Tia maji baridi ya mfereji katika bilauri hadi nusu. Changanya tone la wino na maji ya vuguvugu, kisha yamimine polepole sana juu ya kijiko, yasivuruge maji ya chini. Wino umekaa wapi? Puliza juu ya maji kwa nguvu. Sasa rudia, lakini maji yenye wino nayo yawe baridi. Ni mara ipi maji yamechanganyika upesi?