Gari la zamani: usilipie valvu kabla ya kupima tapeti

WANUNUZI wa magari ya zamani, hasa wale wanaoyakodisha kwa harusi au kubebea mizigo midogo, bado huambiwa kuwa injini "ya petroli ya risasi" lazima ibadilishwe valvu. Bili yake si ndogo. Hedi inashushwa, inapelekwa karakana ya mashine, gasketi mpya inanunuliwa, na gari linalala siku kadhaa bila kuingiza hata senti. Inafaa mwenye mali ajue anacholipia.

Risasi ilianza kutiwa katika petroli huko Marekani mwaka 1923 ili injini isigonge. Ikaleta faida ya pili: ilipoungua iliacha utando mwembamba kwenye siti, yaani pale valvu inapokaa ikifunga. Valvu ya ekzosi hufanya kazi katika joto kali. Bila utando huo hunata kidogo kwenye siti ya chuma laini, na ikifunguka hung'oa chembe. Siti inalika, valvu inazama ndani ya hedi. Valvu za kuingizia hupozwa na mchanganyiko wa hewa na petroli, hivyo ni nadra kupata madhara hayo.

Hapa ndipo fedha hupotea. Kinacholika hasa ni siti. Mtu akiuziwa valvu mpya nane, na siti zile zile zikasagwa tu, amenunua muda. Kazi kamili ni kuchonga hedi na kupachika pete za chuma kigumu upande wa ekzosi. Injini ya silinda nne yenye valvu nane inahitaji pete nne. Valvu za ekzosi zilizochakaa hubadilishwa wakati huo huo. Mchongaji akizidisha kina anaweza kutoboa njia ya maji, na pete isiyobana sawasawa ikidondoka, pistoni imekwenda. Katika kazi hii, karakana ya bei nafuu inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Lakini si kila gari la zamani linahitaji kazi hiyo. Hedi ya aluminiamu, kama ya Peugeot 504 au Volkswagen Beetle, ilitoka kiwandani na pete zake, maana aluminiamu yenyewe haiwezi kuhimili kugongwa na valvu. Wa kutiliwa shaka ni kama Morris Minor na Mini za zamani, ambazo siti zilichongwa moja kwa moja katika hedi ya chuma cha kusubu.

Ikumbukwe pia kuwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar, Juni 2001, kuachana na petroli ya risasi, na kuanzia Januari 2006 ilikuwa imeondolewa katika soko la eneo hilo. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Gari ambalo limetembea barabarani miaka yote hiyo bila hedi yake kuguswa, na bado linavuta vizuri, limekwisha kujibu swali lenyewe.

Kipimo chake ni rahisi. Pima nafasi ya tapeti za ekzosi kwa fila geji injini ikiwa baridi. Kwa Mini ni inchi 0.012, yaani milimita 0.30. Andika, endesha kilomita elfu mbili au tatu, kisha pima tena. Nafasi ikizidi kupungua, siti inalika. Ikifika sifuri valvu haifungi, gesi ya moto inapenya na valvu inaungua. Ikibaki pale pale, hifadhi fedha yako.

Kwa anayenunua, tahadhari moja: muuzaji mjanja huweza kurekebisha tapeti asubuhi ya siku ya mauzo. Dai mgandamizo wa kila silinda upimwe mbele yako.

Matumizi nayo yana uzito. Gari la maharusi linalotambaa mjini Jumamosi hulika kidogo sana, na chupa ya dawa ya kuchanganya na petroli yaweza kulitosha. Pikapu inayopanda milima na shehena kwa mwendo wa kasi ni hesabu nyingine. Ukikuta tapeti za gari la aina hiyo zinabana, nenda kwanza karakana ya mashine uulize bei ya pete nne na uchongaji, kisha rudi kwa muuzaji ukiwa na tarakimu hiyo mkononi, kabla hujatoa hata arubuni.