Mazoezi kwa telefone: wenzako wanakuamsha kuliko saa

Siku ya yenga asubuhi, jua halijatoka, vikundi vya futingi vinapita barabarani katika miji mingi ya mashariki mwa Congo. Mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia. Mtu asipoonekana, juma linalofuata ataulizwa: "Ulikuwa wapi?" Swali ile ndogo njo inafanya kazi kubwa. Wengi hawaamki juu ya afya. Wanaamka juu wenzao wanawangojea.

Watengenezaji wa programu za mazoezi wamejaribu kuweka swali hilo ndani ya telefone. Walifaulu wapi, na walikosea wapi?

Pongezi za wenzako

Mfano unaojulikana sana ni Strava, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009 na Mark Gainey na Michael Horvath. Wawili hao walikuwa katika timu ya kupiga makasia ya chuo kikuu cha Harvard, na baada ya masomo walikosa ile nguvu ya kufanya mazoezi pamoja na wengine. Telefone inaandika njia uliyokimbia, kilometa na muda; rafiki zako wanaona, wanabonyeza alama ya pongezi. Hakuna anayekulazimisha, lakini unajua kuna macho.

Pesa mezani

Wengine walipita njia ya mfuko. Katika programu iliyoitwa Pact, mtu aliahidi atafanya mazoezi mara ngapi kwa juma. Akikosa, anakatwa dolari, waliotimiza wanagawana. Anayejua likelemba ataona ni kitu karibu na kile. Lakini mwaka 2017, shirika la serikali ya Marekani linalolinda wanunuzi lilishitaki kampuni hiyo kwamba ilikata pesa hata za watu waliotimiza ahadi ao waliojitoa. Kampuni ilikubali kurudisha zaidi ya dolari 940 000. Katika likelemba, mwenye kushika sanduku mnamjua, na nyumba yake mnaijua. Sanduku likiwa mbali, utamdai nani?

Macho yakizidi

Mwezi wa Novemba 2017, Strava ilitoa ramani ya dunia yenye njia za watumiaji wake. Januari 2018 watu wakagundua kwamba katika nchi kama Siria na Afghanistan, mistari ya askari waliokuwa wakikimbia ilionyesha kambi zao. Kama kambi ya jeshi ilionekana vile, nyumba ya mtu wa kawaida je? Mwanamke anayekimbia peke yake kila siku saa kumi na moja ya asubuhi, njia yake ikijulikana, yuko katika hatari. Kwetu jambo hili si mchezo. Kwa hiyo programu nzuri inaficha njia tangu mwanzo. Mwenyewe akitaka, njo anaifungua.

Kikundi kidogo, ahadi ndogo

Kijana wa hapa anayetaka kutengeneza programu kama hiyo aanze na watu watano ao sita wanaojuana. Ahadi iwe wazi: kwa mfano, kutembea haraka dakika 30, mara tano kwa juma. Hizo ni dakika 150, kiasi cha chini ambacho OMS inashauri kwa mtu mzima.

Mtu akikosa, ujumbe uende kwa rafiki mmoja, si kwa kikundi chote. Haya kidogo inaamsha mtu. Haya nyingi inamfukuza, anafuta programu na wenzake anawakwepa. Orodha ya wa kwanza na wa mwisho nayo ni mtego: mama anayekaa sokoni tangu asubuhi hatamshinda kijana wa miaka 20. Kila mtu apimwe na juma lake lililopita. Na kuwe na nafasi ya kusimama, bila kuhesabiwa ameshindwa, wakati wa ugonjwa, kilio, ao usalama ukiharibika.

Tena, programu ifanye kazi bila intaneti, itume habari chache tu, juu mega ni pesa.

Asiye na telefone ya kisasa hajakosa mengi. Watu watano, daftari moja, na mtu wa kuuliza kwa upole: "Jana ulikuwa wapi?"