Mtoto Aendaye Kambi ya Skauti Nyeri: Mambo Yampasayo Mzazi Kuyajua

Kabla ya likizo ya mwezi wa Agosti, na tena kabla ya tarehe 22 Februari, wazazi wengi wa Kenya hupata barua ya kuwaarifu kwamba mtoto wao anatakiwa kambini Nyeri pamoja na kikosi chake cha skauti. Barua hizo aghalabu huwa fupi: tarehe, ada, orodha ya vitu vya kuchukua, na mahali pa kutia sahihi. Mzazi hutia sahihi upesi, mtoto hufunga mzigo wake upesi zaidi, na yale ambayo hayakuulizwa huonekana usiku wa kwanza, yapata saa nane, baridi inapoingia hemani.

Nyeri huchaguliwa kwa sababu maalumu. Bwana Robert Baden-Powell, jenerali Mwingereza aliyeanzisha chama cha skauti, alikuja kukaa huko katika uzee wake. Mwaka 1938 alijengewa nyumba ndogo katika bustani ya Hoteli ya Outspan, akaiita Paxtu, na humo akafariki tarehe 8 Januari 1941. Alizikwa Nyeri, na majivu ya mkewe, Bibi Olave, aliyefariki mwaka 1977, yaliletwa yakazikwa papo hapo. Juu ya kaburi pamechorwa duara yenye nukta katikati. Katika alama ambazo maskauti huachiana njiani, hiyo ina maana ya kwamba mtu amekwenda zake nyumbani. Wote wawili walizaliwa tarehe 22 Februari, yeye mwaka 1857 na mkewe mwaka 1889, ndiyo maana siku hiyo maskauti hukusanyika Nyeri kila mwaka.

Kambi ya kwanza kabisa ilifanywa mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, kwa wavulana wapatao ishirini; watoto wa matajiri na watoto wa wafanyakazi walichanganywa pamoja makusudi. Hapa Kenya uskauti ulianza mwaka 1910, lakini mchanganyiko huo haukufuatwa: katika miaka ya ukoloni vikosi vya Wazungu, vya Wahindi na vya Waafrika vilitengwa kwa muda mrefu. Siku hizi chama kimefunguliwa kwa watoto wote, wasichana kwa wavulana, na katika hema moja aweza kulala mtoto wa Lamu na wa Kitale.

Basi jambo la kwanza ni baridi. Wazungu hufanya kambi zao mwezi wa Agosti kwa kuwa kwao ni msimu wa joto. Nyeri ni kinyume. Mji huo uko kiasi cha meta 1,750 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na mwezi wa Julai na Agosti mawingu hutanda, ukungu hushuka, na manyunyu huweza kudumu siku nzima bila jua kuonekana. Mtoto wa Nyeri amezoea. Mtoto wa Mombasa au Garissa, ambaye nyumbani hulala kwa shuka moja, hajui kitu hicho, na mzazi wake pia hakijui. Humpa blanketi moja jepesi akidhani amemtendea hisani.

Yafaa apewe mablanketi mawili mazito, au mfuko mzuri wa kulalia, pamoja na kitu cha kutandika chini. Watu wengi husahau hili la mwisho. Ardhi yenye unyevu hunyonya joto la mwili usiku kucha, na mtu aliyejifunika vizuri juu lakini amelala juu ya turubai tupu ataamka akitetemeka. Mkeka, gunia kavu au godoro jembamba la sponji linatosha. Tena mtoto awe na nguo za kulalia peke yake, zikiwa zimefungwa mahali pasipoingia maji: sweta, suruali ndefu, soksi na kofia ya sufu. Hizo zisivaliwe mchana hata kidogo. Akilala na nguo alizoshinda nazo, hata kama zaonekana kavu, zina jasho, nazo zitampoza. Viatu viwe jozi mbili, kwa maana jozi moja italowa.

Baridi hiyohiyo huzaa hatari nyingine, kubwa kuliko mafua. Katika nyanda za juu watu wamezoea kuingiza jiko la makaa ndani ya nyumba jioni, na si mara moja familia imekutwa asubuhi imekufa. Makaa yawakayo mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aivutaye huona usingizi tu, kisha haamki. Hema lililofungwa ni baya kuliko nyumba. Kwa hiyo amri ya kambi ni kwamba jiko halivuki mlango wa hema, liwe linawaka au limeonekana kuzimika, wala mshumaa, wala kibatari. Mwanga hemani ni wa tochi. Mzazi amwambie mtoto jambo hili nyumbani, kwa maneno yaliyo wazi, kwa kuwa usiku wa baridi mtoto mkubwa ndiye anayepata wazo la kubeba makaa katika karai ili kuwasaidia wadogo.

Chakula hupikwa na watoto wenyewe kwa zamu. Kwa sababu ya mwinuko, maji ya Nyeri huchemka kwenye joto la digrii 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo githeri hukawia zaidi kuliko pwani; maharagwe na mahindi yalowekwe tangu usiku uliotangulia, ama kikosi kitakula saa tisa. Hata hivyo maji yaliyochemka sawasawa yanafaa kunywewa, maana vijidudu vya kuhara hufa kabla ya kufika joto hilo.

Karatasi ya afya ndiyo inayojazwa vibaya kuliko zote. Mzazi huogopa kwamba akiandika pumu au kifafa mtoto atakataliwa, basi huandika kwamba hana ugonjwa wowote. Moshi wa kuni na hewa ya baridi huamsha pumu. Na mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu aweza kushikwa na maumivu makali akipata baridi au akikosa maji ya kunywa, hivyo daktari aulizwe kabla ya safari. Kiongozi aliyeambiwa hujiandaa; asiyeambiwa hubahatisha usiku, mbali na hospitali. Dawa zikabidhiwe kwa kiongozi zikiwa na jina la mtoto na saa za kumeza. Mtoto atokaye sehemu zenye malaria, kama vile kando ya Ziwa Viktoria, akishikwa na homa apimwe, ingawa Nyeri kwenyewe mbu wa malaria ni wachache, maana huenda ameibeba kutoka nyumbani. Na yule ambaye bado hukojoa kitandani asifichwe kwa aibu: kiongozi aambiwe faraghani, naye atapanga kumwamsha usiku bila wenziwe kujua.

Kuhusu ulinzi wa watoto, mzazi ana haki ya kuuliza na kujibiwa. Mtu mzima hakai faraghani na mtoto mmoja peke yake, wala halali katika hema la watoto. Wavulana na wasichana hulala mbalimbali. Kiboko hakiruhusiwi, Katiba ya mwaka 2010 imekataza adhabu ya kupigwa. Kuchota maji, kuosha sufuria na kuchimba shimo la taka si adhabu, ni kazi za kambi, na mtoto asiandike nyumbani kulalamika kwa hayo. Tena mzazi asishangae mtoto akirudi na kumpa kiongozi wake mkono wa kushoto: kwetu ni utovu wa adabu, lakini maskauti wa dunia nzima ndivyo wanavyosalimiana.

Kikosi kikipanga kuingia msituni au katika hifadhi ya Mlima Kenya, ruhusa iombwe mapema kwa wenye mamlaka, nacho kifuatane na mtu aijuaye njia, maana nyati na tembo wamo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 hata chupa za maji za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga na misitu ya hifadhi. Mtoto achukue chupa ya kudumu. Akiumwa kichwa na kutapika huko juu, dawa yake ni kuteremshwa bila kungoja asubuhi.

Ada ilipwe kwa risiti, na barua iwe na jina la kiongozi na namba ya simu itakayopokelewa siku zote za kambi. Barua hiyohiyo itaje atakayempokea mtoto siku ya kurudi. Asiyetajwa hapewi mtoto, hata akiwa mjomba. Mzigo ukifika nyumbani ufunguliwe siku iyo hiyo. Hema lililokunjwa likiwa na maji huota ukungu kwa siku chache, na kikosi kitalihitaji tena mwezi wa Februari.