Mjomba, nitajuaje kama Mungu ananiita?

Wapwa zangu wa Litumbandyosi, sogeeni karibu. Mmoja wenu ameniuliza swali zito: "Mjomba, nitajuaje kama Mungu ananiita niwe padre?" Swali zuri sana! Watu wazima wengi hulizunguka mbali. Wewe umelikabili. Hongera, mwanangu.

"Je, nitasikia sauti usiku, kama Samweli?"

Tumkumbuke kwanza huyo Samweli. Alikuwa mtoto, akilala hekaluni. Akasikia anaitwa. Akamkimbilia mzee Eli: "Nimekuja, umeniita." Mzee akasema hapana, rudi ukalale. Ikawa hivyo mara ya pili. Ikawa hivyo mara ya tatu. Ndipo Eli akang'amua ni nani anayeita. Mmeona? Aliyesikia ni mtoto. Aliyetambua ni mzee. Bila Eli, Samweli angekimbia huku na huku mpaka kunakucha.

Mara nyingi wito hauji kwa sauti ya masikioni. Huja kama hamu. Unamwona padre akimpelekea mgonjwa Ekaristi, njia mbaya, mvua inanyesha, na moyo wako unasema: nami ningependa. Kesho umesahau, unacheza mpira. Keshokutwa hamu imerudi. Mwaka mwingine, imerudi tena. Jambo linalorudi hivyo usilifiche. Mwambie mama. Mwambie baba. Mwambie katekista wa kigango chenu, au paroko. Hao ndio akina Eli wako.

"Kumbe nikiwaambia tu, basi, nimekuwa padre?"

Bado kidogo! Ngoja niwape hadithi ya mche wa kahawa.

Huko milimani Mbinga, mche mmoja ulichomoza kitaluni. Ukatazama juu, ukaona kivuli. Ukalalamika: "Mkulima, mbona unaninyima jua? Nipeleke shambani. Nimeshakuwa mkubwa!" Mkulima akaunywesha maji, akasema: "Bado kidogo." Mche ukaongeza majani. "Sasa je?" "Bado kidogo." Siku moja mkulima akapunguza kivuli, jua kidogo likaingia. Siku nyingine akakipunguza tena. Mche ukashangaa: "Kumbe hukuninyima jua?" "Sikukunyima," akasema mkulima. "Ninakuzoeza. Na ninakuangalia, na wewe ujiangalie, kama shamba utaliweza." Hata ulipopandwa shambani, ulikaa kama miaka mitatu ndipo ukazaa.

"Mjomba, kitalu cha mapadre kiko wapi?"

Umenipata! Kiko karibu. Jimbo letu la Mbinga, lililozaliwa mwaka 1986 kutoka Songea, lina seminari ndogo ya Likonde. Pale vijana husoma hesabu na Kiingereza kama wanafunzi wengine wote, ila wanasali pamoja, wanalima, wanafua nguo zao, na walezi wanawaangalia. Wakimaliza, anayetaka kuendelea huomba. Hasukumwi. Huenda kwanza nyumba ya malezi, kisha seminari kuu, kama ile ya Peramiho. Katika safari hiyo kuna falsafa, kuna teolojia, na kuna kipindi cha kwenda kuishi parokiani ili aonje kazi yenyewe: mazishi, ugomvi wa ndoa, hesabu za sadaka, pikipiki iliyokwama matopeni. Halafu ushemasi. Sheria ya Kanisa inasema padre awe ametimiza walau miaka 25, na kati ya ushemasi na upadre ipite walau miezi sita. Bado kidogo, bado kidogo!

Mfano wa kungoja huko ni Laurean Rugambwa wa kule Kagera, aliyezaliwa mwaka 1912. Akasoma seminari, akavuka hadi Katigondo nchini Uganda, akapewa upadre mwaka 1943. Hesabuni wenyewe: alikuwa na miaka 31. Mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu.

"Na nikifika seminari nikaona si njia yangu?"

Hapa nataka mnisikilize kwa masikio yote mawili. Unamwambia mlezi, unafunga begi, unarudi nyumbani. Umefanya kile hasa ulichoitiwa seminari: kutafuta jibu. Inaniuma ninaposikia watu wazima wakimnong'ona kijana, "Huyo alishindwa seminari." Hakushindwa! Mkulima aliyegundua mapema kuwa shamba si lake amejiokoa yeye, na ameokoa parokia nzima isipate padre asiye na furaha.

Hapo Kigonsera, wilayani kwetu, palikuwa na seminari. Miaka ya 1950 alisoma hapo kijana mmoja wa Lupaso, Masasi. Hakuwa padre. Akaendelea na shule, akawa mwandishi wa habari, akawa balozi, na tangu 1995 hadi 2005 akawa Rais wa nchi hii. Mmeshamjua: Benjamin Mkapa. Nani atasema Kigonsera ilimpotezea muda?

Na anayefika mwisho, hata siku ya upadrisho hajipeleki mwenyewe. Anaitwa jina lake mbele ya watu wote. Anaitika kwamba yupo. Kisha askofu anamuuliza padre aliyemleta mbele kama anajua kuwa kijana huyo anastahili. Padre huyo, mara nyingi mlezi wake, anajibu akishuhudia kuwa waamini wameulizwa. Wameulizwa! Kwa hiyo bibi yako anayekuona ukiwagawia wadogo zako chakula, au ukiwanyima, naye ana neno katika jambo hili.

Dada yako amenyoosha mkono tangu mwanzo. Sema, mama.

"Mjomba, na mimi je? Wasichana hawaitwi?"

Wanaitwa, tena sana! Hawawi mapadre, lakini Chipole wapo Masista Wabenedikto wa Mtakatifu Agnes. Wanafundisha, wanauguza, wanalima, wanasali. Nao wana kitalu chao: kwanza mwombaji, kisha mnovisi, kisha nadhiri za muda, na nadhiri za daima mwishoni kabisa. Sista akipita kijijini, msalimie, "Tumsifu Yesu Kristo." Akishaitikia, mwombe akae kidogo akusimulie alianzaje, na nani alikuwa Eli wake. Muulize pia siku gani alitaka kurudi nyumbani, na nini kilimbakiza. Halafu uje unisimulie mimi, maana hilo la mwisho nami napenda kulisikia.