Stata Nyepesi si Dawa ya Kila Gari Kuukuu

MTAA mmoja wa Mtanda, kilimani juu ya mji wa Lindi, ulikwisha kuzoea kelele za alfajiri: "Haya, sukuma!" Vijana wanne walikuwa wakiisukuma Land Rover ya mzee mmoja seremala mpaka ishike mteremko, ikohoe, kisha iwake. Majirani walicheka. Lakini usiku ule binti yake aliposhikwa na uchungu wa kuzaa gari likagoma, kusukuma gizani hakukuwa kichekesho tena. Mungu alijalia, wakafika hospitali na mtoto wa kike akazaliwa salama. Kulipokucha mkewe alimwambia, "Baba watoto, ama ulitengeneze gari hili, ama uliuze. Mjukuu wa pili hatatungoja."

Mzee akaazimia kuuza mbuzi wake wawili ili aagize Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 400, ile stata ndogo ya kisasa inayosifiwa na madereva. Je, uamuzi huo ulikuwa sahihi?

Stata ni mota ya umeme inayouzungusha mtambo wa gari mpaka uwake wenyewe. Mmarekani Charles Kettering aliibuni mwaka 1911, na magari ya Cadillac yakaanza kuitumia mwaka 1912. Kabla ya hapo dereva alizungusha hendeli, nayo ikirudi nyuma kwa ghafla iliweza kumvunja mkono. Land Rover nyingi za petroli za Series III, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, zilikuja na stata ya Lucas iliyo nzito, ambayo bendeksi yake huirusha pinioni ikamate meno ya flaiwili.

Stata nyepesi ina gia ndani yake. Mota ndogo huzunguka kwa kasi kubwa, na gia hupunguza kasi hiyo na kuongeza nguvu, kama gia ndogo ya baiskeli inavyomsaidia mpanda mlima. Kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kutumia stata za gia mwaka 1962. Huko Marekani, wenye magari ya kale ya mtambo mkubwa wa V8 huzipenda kwa kuwa ni ndogo, na hivyo zinaweza kukaa mbali kidogo na moto wa ekzosi. Lakini katika pwani ya Lindi na Kilwa adui mkubwa ni hewa ya chumvi, ambayo hula nyaya kimya kimya.

Fundi umeme aliyeitwa alilijua jambo hilo. "Shikamoo mzee. Kabla mbuzi hawajaenda sokoni, nipe nusu saa."

"Marahaba, mwanangu. Tazama."

Akachukua mita. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, huonyesha kiasi cha volti 12.6, na stata inapozunguka isishuke sana chini ya 10. Betri ilikuwa nzima. Kisha akapima kutoka bodi ya injini hadi ncha hasi ya betri huku stata ikizungushwa. Hapo ilipasa isizidi nusu volti; mita ikaonyesha karibu volti mbili. Waya wa ethi, uungao injini na chasisi, ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani. Akaweka waya mpya, akasugua viungo kwa msasa na kuvipaka grisi, akasafisha bendeksi na kuiacha kavu, maana mafuta hukusanya vumbi. Gari likawaka mara moja.

Hata hivyo, iko siku stata ya kale hufa kweli, koili zikaungua au shafti ikapinda. Hapo stata nyepesi ni mali, mradi mnunuzi azingatie mambo manne.

Kwanza, pinioni ilingane na meno ya flaiwili, na iingie kwa upande unaotakiwa. Chukua stata ya zamani uende nayo dukani. Ya petroli usiifunge kwenye dizeli bila kuuliza: injini ya dizeli ya Land Rover hizo hubana hewa mara 23, nayo hudai nguvu zaidi.

Pili, tazama ni ncha ipi ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Kiingereza yaliyotangulia mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa ncha chanya. Stata nyingi nyepesi zina sumaku za kudumu; umeme ukigeuzwa, huzunguka kinyume.

Tatu, stata mpya huja na solenoidi yake mgongoni, ilhali ile ya kale huwa na solenoidi kando. Nyaya hazina budi kupangwa upya, na waya mkuu uwe mnene.

Nne, uliza kama brashi zake za kaboni hupatikana. Stata isiyo na vipuri ni ya kutumia na kutupa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hizi mzee husugua ncha za betri kila mwezi, na vijana wa mtaa hulala mpaka kunapambazuka. Mbuzi hawakwenda sokoni: mmoja yumo zizini, na wa pili alichinjwa kwa akika ya mjukuu.